Asiye na Fimbo Anangoja

Mimi karatasi za shule ninaziogopa mpaka leo. Mjukuu akiniletea moja, hata kama inasema tu kwamba kesho waje na ufagio, ninavaa miwani, ninaisoma kuanzia juu mpaka chini, halafu ninarudia. Watoto wangu wananicheka. Wanasema, Mama, hiyo si hukumu ya mahakama. Waache wacheke. Hawajui karatasi moja ilinifanya nini nilipokuwa na miaka kumi, katika ile miaka ya kwanza ya uhuru, mji wetu ulipokuwa bado unaitwa kwa jina la mfalme wa Wabeleji, na askari wa kila namna wakipita barabarani bila sisi watoto kujua leo hawa ni wa nani.

Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa reli, na kazi yake ilikuwa fimbo. Njia ya treni kutoka kwetu kwenda Kabalo ni moja tu, hakuna ya kwenda na ya kurudi. Ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, kila kipande cha njia kilikuwa na fimbo yake ya chuma. Dereva asipopewa ile fimbo mkononi hatoki, hata abiria wamtukane vipi. Akifika mwisho wa kipande anaitoa, na anayetoka upande wa pili anaichukua. Papa ndiye aliyesimama gare, yaani stesheni, akaipokea fimbo kwa dereva anayeingia na kumpa anayetoka. Nyumbani tulijivunia kazi ile kuliko watu wa Pepa wanavyojivunia ng'ombe wao.

Mwalimu wetu wa darasa la nne naye alizaliwa katika kambi ya reli. Karibu na mlango wa darasa alitundika fimbo ya mti, kaifunga kitambaa chekundu. Ukitaka kwenda chooni unachukua fimbo. Usipoiona, basi kuna mtu nje, ngoja. Kuvuka barabara kwenda bombani, ni hivyo hivyo. "Mwenye fimbo anakwenda, asiye na fimbo anangoja," tulisema kila asubuhi baada ya kuhesabiwa. Watoto wa misheni walitufanyia mzaha, lakini sisi wa kambi hatukuona cha kuchekesha. Hata nyumbani tulicheza hivyo. Na hakuna aliyeufuata mchezo huo kama mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa na miaka mitano na shule hajaanza. Ukimwambia akae mpaka fimbo ije, anakaa. Kuna siku alikaa mlangoni mwa jiko mpaka akajikojolea, sisi tumeshausahau mchezo zamani na tuko kwa jirani tunakula mahindi.

Muhula ule mshika fimbo wa darasa nilikuwa mimi. Nilitembea shingo juu, nakuambia ukweli.

Ndipo ikaja habari ya safari. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda, limekula mchanga wote tuliokuwa tunachezea, na watu wazima walikuwa wakiulizana maji yatakwenda wapi. Mwalimu akasema atatuonyesha yanakokwenda. Tutapanda treni mpaka kituo kidogo ambapo treni zinasimama kunywa maji, kisha tutatembea kwa miguu mpaka mahali ambapo mto Lukuga unapita katikati ya mawe, umebeba maji ya ziwa letu kuyapeleka mbali. Kupanda treni! Sisi watoto wa reli tuliziona treni kila siku, tukalala kwa mlio wake, lakini wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuzipanda hata mara moja.

Kila mtoto alipewa karatasi ya wino wa zambarau ya kupeleka nyumbani. Juu yake imeandikwa kwa Kiswahili: Wazazi wakumbuke. Chini yake mistari minne. Mtoto afike gare kabla ya saa moja asubuhi. Alete chakula chake na kopo la maji. Avae nguo safi. Na wa nne, ambao nikifumba macho sasa hivi ninauona: Watoto wasio wa darasa la nne hawaruhusiwi kusafiri, shule haitawahesabu.

Papa alikuwa kazini, angerudi nimeshalala, na karatasi ilitakiwa asubuhi. Mama hakujua kusoma. Alikuwa anamenya mihogo, akasema, "Soma, nisikie."

Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama akanikatiza. "Siku hiyo miye niko shambani, ng'ambo ya Lukuga. Mihogo niliyoloweka imeiva, nikiiacha inaoza. Na mutoto simupandishi mutumbwi na maji ya mwaka huu. Mudogo wako ninamuacha na nani?"

Nikaitazama karatasi.

"Kama anabaki, na weye unabaki naye," akasema. "Hapo hakuna maneno."

Nililia moyoni papo hapo. Niliona watoto wote wamo ndani ya behewa, mimi niko uani nafukuza kuku. Nikaiangalia tena karatasi, nikasema, "Mama, wanasema wadogo wanaweza kwenda pia. Imeandikwa hapa." Na kidole changu kikaonyesha mstari wa nne. Kikaonyesha mstari wenyewe, bila aibu.

Mama akashukuru Mungu kwamba shule hii ina watu wenye utu. Nikampaka wino kwenye kidole gumba, akakiweka mahali pa sahihi, chini kidogo ya maneno ambayo hakuambiwa. Kisha akanishika bega. "Sikiliza. Usimuachilie mukono. Siku hizi si siku za kuachilia mutoto mukono."

Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi gare ilijaa. Mwalimu alikuwa na listi yake, watoto thelathini na wanne, na mimi na fimbo yangu nimesimama mbele. Papa alikuwa mwisho kabisa wa gare, upande wa kichwa cha treni, hakutuona tukipanda. Mdogo wangu nilimpenyeza katikati ya wanawake waliokuwa wanakwenda Nyunzu na mizigo yao ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikamwambia mmoja wao amkalishe miguuni, na yule mama akadhani ni mtoto wa mwenzake, akamfunika na kitenge. Aliyejua siri yangu alikuwa mtu mmoja tu, rafiki yangu niliyekaa naye benchi moja. Safari nzima ya kwenda sikuona mti wala kilima. Nilikuwa nasikiliza kama atakohoa.

Tulipofika kwenye kile kituo kidogo, Mwalimu alitangulia kutupanga mstari. Mimi na rafiki yangu tukamteremsha mdogo wangu upande wa pili wa behewa, tukampeleka nyuma ya tangi la maji. Palikuwa na jiwe kubwa. Nikamkalisha hapo, nikampa mihogo na kopo.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Unaiona hii fimbo?"

Akaishika, akakigusa kitambaa chekundu. "Ninaiona."

"Mtu akikuita na hana fimbo hii, usimfuate. Umesikia? Hata akiwa nani."

"Asiye na fimbo anangoja," akanijibu, akaanza kula muhogo wake. Alikuwa na furaha tele. Alidhani huo ndio mchezo wenyewe na kwamba safari yote imepangwa kwa ajili yake.

Tukatembea mpaka mtoni. Niulize basi niliona nini. Mwalimu alieleza kwamba maji yale yataingia Lualaba, yatafika mpaka baharini upande mwingine wa nchi, na wenzangu wakatupa majani wayaone yanavyokwenda. Mimi nilikuwa nahesabu. Sasa amemaliza mihogo. Sasa amekunywa maji. Sasa anataka kukojoa. Mawingu yakaanza kujikusanya. Mwenye siri ya kosa hastareheki, hata umpeleke wapi.

Treni ya kurudi, ile inayotoka Kabalo, ilitarajiwa saa tisa, na kila mtu alijua kwamba saa tisa yake ni saa kumi na moja. Siku hiyo ikapiga honi saa nane. Mwalimu akashtuka, akakunja karatasi zake. "Kimbieni!" Tukakimbia juu ya mawe ya reli, mvua nayo ikaanza kudondoka, matone makubwa. Tulipofika, treni imeshasimama inakunywa maji, madirishani kumejaa askari, na dereva anapiga kelele kwamba akiwa na askari hawa hangoji mtoto wa mtu.

Nilitaka kwenda moja kwa moja nyuma ya tangi. Mwalimu akanishika mkono. "Mushika fimbo, mulangoni!" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: nisimame mlangoni mwa behewa na fimbo nimeinyoosha, kila mtoto aiguse akipanda, Mwalimu ahesabu. Nikamgeukia rafiki yangu, nikamnong'oneza, "Kamchukue mdogo wangu. Pandeni mlango wa nyuma." Akaondoka mbio. Mimi nikabaki na fimbo.

Moja, mbili, tatu. Watoto wanagusa, Mwalimu anahesabu. Kwa jicho la pembeni nikaona rafiki yangu anapanda mlango wa nyuma na kitu kidogo mbele yake, kina gauni la njano. Mdogo wangu alivaa la njano. Nikashusha pumzi. Baada ya kumhesabu na rafiki yangu kule nyuma, Mwalimu akasema thelathini na wanne, akafurahi, akaipokea fimbo kwangu, akaiweka kwapani. Treni ikavuta.

Rafiki yangu akaja akipenya kati ya watu, uso umelowa. Nilidhani ni mvua.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Alikataa," akasema. "Nilimuvuta, akanipiga teke. Aliniuliza fimbo iko wapi. Nikamwambia iko na dada yako, akasema basi anamungoja dada yake."

"Na yule wa njano?"

"Yule ni mutoto wa ile mama pale."

Nilikaa chini, sakafuni, katikati ya mizigo ya watu. Unaweza kunihukumu, mimi nimejihukumu vya kutosha: sikupiga kelele. Treni ilikuwa bado polepole, pengine mtu angeruka, pengine dereva angesikia. Lakini Mwalimu alikuwa pale anatabasamu na hesabu yake imetimia, na mimi nikawa naogopa kiboko chake kuliko niliyemwacha kwenye mvua. Nilinyamaza mpaka tukapita kilima cha kwanza. Nilinyamaza mpaka tukapita nyumba za watu wanaotunza njia. Kisha nikaanza kulia na sikuweza kuacha, na Mwalimu akaja.

Nilimwambia. Akafungua listi yake. Jamani, akafungua listi! "Hayumo hapa," akasema. "Wote wako hapa."

"Hayumo, Mwalimu. Ni mdogo wangu."

"Mama yako aliweka kidole. Alijua wadogo hawaruhusiwi."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Mwalimu akaenda kwa askari, akaenda kwa mtu wa tikiti, akarudi. Treni haiwezi kurudi nyuma, mjini kuna nyingine inangoja fimbo, lazima tufike gare kwanza. Akakaa karibu yangu na mikono kichwani. Tulikwenda hivyo mpaka mjini, yeye hanitazami na mimi simtazami.

Papa alikuwa amesimama gare mahali pake pa siku zote. Akapokea fimbo ya chuma kutoka kwa dereva, akageuka aniangalie ninavyoshuka, maana alijua leo binti yake amepanda treni. Alikuwa anacheka. Nikamwambia.

Kwenye njia ya pili treni ya mizigo ilikuwa inangoja kutoka, moshi tayari. Dereva wake alinyoosha mkono kutaka fimbo. Papa aliiangalia ile fimbo, akamwangalia yule dereva, hakumpa. Katika maisha yangu sijawahi kumwona Papa akimnyima dereva fimbo. Dereva akafoka. Shefu wa gare akatoka ofisini, Papa akamwambia maneno machache ambayo sikuyasikia. Shefu alitazama saa yake, akatazama mawingu.

"Ninawapa saa moja tu," akasema. "Ikipita hiyo, wataniuliza miye."

Wakakiweka kiberenge kwenye reli, kile kigari cha kusukuma kwa mikono. Wanaume wawili wakashika mpini. Papa, fimbo ya chuma mkononi, akanielekezea kidole: "Panda."

Mvua ilitupiga njia nzima. Miaka ile watu walikuwa wakisema kuna mahali reli zimelegezwa, kuna mahali watu wamejificha kwenye majani, na kila kichaka kilichotikisika niliona mtu mwenye silaha. Lakini nilichoogopa zaidi ni kile kituo. Nilijiambia tutakuta jiwe tupu. Nililiona kabisa jiwe, na kopo pembeni. Tulikuwa tumekaribia. Ndipo Papa akauliza, bila kugeuka, "Ulimuambia nini?"

"Asimfuate mtu asiye na fimbo."

"Na fimbo iko wapi?"

"Mwalimu ameichukua."

Papa akaiangalia fimbo ya chuma mkononi mwake.

Alikuwepo. Mungu wangu, alikuwepo. Amekaa juu ya jiwe, magoti yamekutana, gauni limegandamana na mwili, kopo limejaa maji ya mvua. Mtu wa tangi alikuwa amesimama juu yake, amemshikia gunia kichwani kwa mikono miwili, naye mwenyewe analowa. Na hatua tatu kutoka pale, tatu tu, nimezipima kwa macho, kulikuwa na kibanda chake chenye bati.

"Nilimubeba mara mbili," yule mtu akamwambia Papa. "Ananiuma na kurudi. Anasema amewekwa hapa." Akaonyesha mkono wake, na alama za meno zilikuwepo.

Nikamkimbilia. Alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Akaangalia mikono yangu, mmoja, halafu wa pili. "Fimbo?"

Nikaanza kumvuta, na mtoto yule, baridi yote ile, akajikaza kwenye jiwe. Papa akanisogeza. Akachuchumaa mbele yake, akamwonyesha fimbo ya chuma.

Akaitazama muda. "Si yenyewe," akasema. "Haina nyekundu."

"Hii njo mama yao," Papa akamwambia. "Zile za mti ni watoto wake. Hii hata treni inaisikiliza."

Ndipo aliposimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaanguka kifuani kwa Papa, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Aliumwa kifua siku nyingi. Mama alikaa naye mkekani na maji ya moto na majani, na kila alipokohoa mimi nilitoka nje. Hakuna aliyenipiga. Ningependa wangenipiga. Mama aliniuliza mara moja tu kilichotokea, nikamwambia yote isipokuwa ya karatasi, nikajiambia nitamwambia akipona mtoto. Akapona, sikumwambia.

Kisha Direkta, mkuu wa shule, akamwita Mama shuleni. Wazazi wengine walikuwepo, maana habari ilikuwa imezagaa na watu walikuwa wanamlaumu Mwalimu, wanataka aondolewe. Mimi nilisimama mlangoni. Direkta akatoa karatasi ya wino wa zambarau, akaisoma kwa sauti, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne. Aliposoma wa nne, nilimwona Mama anainua kichwa. Hakunitazama. Alitazama ile karatasi mkononi mwa Direkta kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake kwa mara ya kwanza.

"Mama," Direkta akasema, "kidole hiki si chako?"

Nilifungua mdomo, na naapa nilitaka kusema, lakini Mama akaniwahi.

"Njo changu," akasema. "Alinisomea yote. Miye njo nilisahau."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akasema, mama gani huyu. Mama akafunga kitenge chake vizuri, akaomba radhi kwa Mwalimu mbele ya watu wote, tukatoka. Njiani nilimfuata nyuma. Nilingoja aseme neno mpaka tukafika nyumbani, na alipofika akaenda kupika.

Karatasi iliyofuata ilikuja mwezi ule ule, ya chanjo. Nilimpelekea Mama jikoni, nimeshakohoa kusafisha koo. Akafuta mikono, akaipokea, akaikunja, akavuka uani kwa jirani ili asomewe. Ikawa hivyo miaka miwili, kwa kila karatasi, kwa kila barua ya wajomba. Mpaka mdogo wangu alipojua kusoma. Tangu hapo Mama alimwita yeye, akamkalisha karibu na moto, akamwambia, "Soma, nisikie." Na mdogo wangu alisoma yote, hakuacha kitu, alisoma hata tarehe, alisoma hata maneno ya kwenye muhuri. Mimi nilikuwa pale pale, namenya mihogo.